Panzi na Ngozi ya Wachimbaji

Kwetu, katika bonde la makaa ya mawe, mtu huulizwa ameruka nini. Mtoto huanza na lastiki uani, imefungwa miguuni mwa wenzake. Kipupwe kikija anaruka na mbao zake za theluji kutoka kilimani. Akibalehe anaruka moto wa Mtakatifu Yohane, na siku akipata kazi mgodini anaruka ngozi ya wachimbaji, ikishikwa na wazee wawili. Ambaye hajaruka ngozi, hata awe daktari wa meno, kwetu ni mgeni mheshimiwa. Tutampa kiti na divai, lakini mwenzetu hatumwiti. Ni ujinga? Huenda. Kila watu wana ujinga wao, na huu ni wetu.

Milojka Dobnik alikuwa ameruka vyote isipokuwa ngozi.

Watu walimwita Panzi tangu akiwa na miaka tisa. Mwaka huo wavulana wa mtaa walijenga kilima cha theluji nyuma ya nyumba za wachimbaji, wakapanga nani aruke kwanza. Wakabishana mpaka pua zikawa nyekundu. Wewe kwanza, hapana wewe, mimi mbao zangu hazijapakwa nta. Milojka akawapita na mbao za kaka yake, akateleza, akaruka, akapitiliza ua wa padri na kutua juu ya banda la kuku. Goti la kushoto lilivunjika na kuku wawili wakafa. Padri alimsamehe goti lakini kuku aliwadai mpaka Pasaka.

Goti likapona kwa namna yake, maana halikunyooka tena sawasawa. Yeye hakujali. Akiwa na miaka ishirini alimshika Vinko mkono usiku wa Mtakatifu Yohane, kwa maana wachumba wetu huruka moto wakiwa wameshikana, na wakiachana mikono juu ya miali basi ndoa haipo. Vinko ni mtu mwema, mpole, fundi umeme wa mgodini, ila moto aliuogopa. Katikati ya mruko akataka kuuchomoa mkono wake. Milojka aliukamata kama koleo.

"Ungeniachia tu," Vinko alimwambia walipotua, suruali yake ikitoa moshi.

"Nikuachie halafu nianze kutafuta mwingine? Vua suruali hiyo, inawaka."

Wakaoana vuli ile.

Mtu asifikirie kwamba Panzi aliruka ovyo. Foleni hakuwahi kuiruka, hata miaka ile kahawa ilipokuwa adimu na wake za wakubwa wakiingia kwa mlango wa nyuma. Wala hakuruka neno alilokwisha kulisema. Alikuwa na msimamo unaochosha, na ninasema hivyo kwa mapenzi, kwa sababu nimewahi kusimama nyuma yake dukani akimsubiri muuzaji apime upya jibini.

Kazi yake ilikuwa chumba cha taa, pale juu kwenye lango la mgodi. Alikaa nyuma ya dirisha dogo na kumpa kila mchimbaji taa yake. Kila mtu ana kisahani chake cha shaba chenye namba. Ukichukua taa, unaacha kisahani kwenye msumari. Ukipanda na kurudisha taa, unapewa kisahani chako, unakwenda kuoga. Misumari ikiwa mitupu, mgodi nao ni mtupu. Ni jambo la kitoto kabisa, ndiyo sababu watu wazima hulikosea.

Shemeji yake, Ferdo, kaka mkubwa wa Vinko, ndiye aliyelikosea kuliko wote. Ilikuwa Jumamosi moja ya Juni, zamani, wote wakiwa bado vijana. Ferdo alikuwa na nyasi zimekatwa zimelala uwandani, na mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa Karintia. Nyasi zikilowa, ng'ombe watakula nini Februari? Basi akaruka zamu. Alipanda mapema na kizimba, ile lifti ya mgodini, kilichokuwa kikipandisha mitungi mitupu ya chai, akatokea upande wa karakana, akaingia msituni, na kwa haraka yake yote hiyo, taa ilikuwa bado inaning'inia kiunoni.

Zamu ikaisha. Watu wakapanda, wakaoga, wakaondoka. Kwenye ukuta wa Milojka kikabaki kisahani kimoja.

"Huyo ni Ferdo," msimamizi akasema, akivaa kofia aende zake. "Ana nyasi nje. Kila mtu anajua ametoroka."

"Nani amemwona akitoka?"

"Hakuna aliyemwona. Ndiyo maana ya kutoroka, mama."

"Basi yuko chini," Milojka akasema, na akabonyeza king'ora.

King'ora chetu kinasikika mpaka kwenye vijiji vya mlimani. Wanawake waliacha sufuria jikoni, wakakimbia langoni na aproni zao. Zdenka, mke wa Ferdo, alifika na mtoto mgongoni, miguu mitupu, akapiga magoti kwenye changarawe. Waokoaji wakashuka wakatafuta njia baada ya njia, wakiita jina lake. Naye Ferdo? Alikuwa juu ya chanja ya nyasi. Aliposikia king'ora alivua kofia akajipiga ishara ya msalaba, akasema, "Masikini, sijui ni nani," kisha akamalizia kupanga safu ya mwisho, kwa sababu mvua ilikuwa imekaribia. Halafu, kama mchimbaji yeyote mwenye utu, akateremka mbio kwenda kusaidia kuokoa.

Akapenya katikati ya watu langoni, jasho linamtoka, nyasi kichwani, taa ya mgodi kiunoni.

"Nani amebaki chini?" akauliza.

Zdenka akainuka kutoka kwenye changarawe.

"Wewe," akamwambia, na kofi lililofuata bado linasimuliwa.

Aliyeruka majivu alikuwa amekanyaga moto. Walimkata mshahara, lakini hilo lilipita. Halikupita jina. Tangu siku ile bonde zima linamwita Marehemu. "Shikamoo Marehemu, habari za huko?" Watoto walimwita hivyo bila kujua sababu. Kinyozi alimwita hivyo. Ferdo alicheka na wote, isipokuwa Milojka, kwa maana yeye hakumwita hivyo hata siku moja. Alimwita shemeji na kumpitishia chumvi. Kicheko cha watu Ferdo angekivumilia. Kilichomkera ni huyu aliyebonyeza king'ora kisha hakuona kwamba kuna la kucheka wala la kuombea radhi.

Miaka ikaenda. Ferdo alistaafu, akawa mkuu wa wazee wa ngozi, wale wanaotunza ngozi ya sherehe na kuamua nani ataruka. Mgodi wenyewe nao ukaanza kusemwa kwamba utafungwa, si leo si kesho, lakini utafungwa. Kila kiangazi vijana wa kuruka walipungua. Milojka alikuwa amebakisha mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Jumapili moja ya Novemba, familia ikiwa mezani kwa Ferdo, supu ya nyama imeshanywewa na viazi vya kukaanga vinazunguka, akatangaza.

"Kiangazi kijacho na mimi nitaruka ngozi."

Vinko alipaliwa. Zdenka akampiga mgongoni bila kumtazama, macho yote kwa Milojka.

"Ngozi si ya watu wa dirishani, shemeji," Ferdo akasema polepole.

"Ni ya nani?"

"Ya waliokula vumbi chini. Wewe umekula keki ya jozi kwenye joto la radieta, na Mungu akubariki, mtu hakukatazi. Lakini kuruka ngozi, hapana. Kanuni ni kanuni. Wewe hasa unapaswa kulielewa hilo."

Hilo la mwisho alilitoa kwa utamu. Alikuwa ameliweka miaka mingi.

Milojka alitafuna kiazi chake mpaka mwisho. "Ni kweli," akasema. "Usemalo ni sawa. Basi nitashuka."

"Utashuka wapi?" Vinko akauliza.

"Chini, Vinko. Mgodi una upande mwingine gani?"

Njiani kurudi nyumbani Vinko alijaribu. Akasema kuhusu goti, akasema kuhusu umri, akasema kuhusu watu watakavyocheka. Milojka alimwacha amalize, kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba maisha yake yote amekuwa akiwapa watu taa na kubaki juu kuwasubiri. Kwamba anawajua kwa vikohozi vyao, anajua nani anashuka na huzuni na nani ameshalewa. Kwamba hawezi kwenda kustaafu, kulima vitunguu, bila kujua walikuwa wanakwenda wapi.

"Na ngozi?" Vinko akauliza.

"Ngozi ni yangu. Naitaka, basi. Kuna ubaya mtu kutaka kitu?"

Mkuu wa zamu alicheka alipoletewa ombi, akaacha kucheka alipomtazama usoni. Daktari wa mgodi akamsikiliza mapafu, akamchuchumalisha, akalisikia goti likilia, akamwangalia. Milojka akamwangalia vilevile. Wakampa kazi ya mkanda. Anakaa kwenye kiungo, pale mkanda mmoja unapomwaga makaa juu ya mwingine, na kuzuia magogo na vyuma visipite. Mkononi koleo, juu ya kichwa chake kamba ya kusimamisha mashine. Ni kazi halali ya chini, vumbi lake ni vumbi.

Asubuhi ya kwanza aliogopa. Nalisema kwa sababu yeye mwenyewe hulisema bila haya. Kizimba kilipoanguka gizani aliushika mkono wa kijana aliyesimama karibu, asiyemjua vizuri, na hakuuachia mpaka chini. Kijana akavumilia. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani na chumvi kavu usoni, hawezi kuinua kijiko. Wiki ya pili alijifunza kukaa upande ambao hewa inapita. Mwezi wa tatu alikuwa akisikia nguzo zikilia kabla ya wenzake kusikia, na vijana wakaanza kumletea soseji zao azipashe kwenye mota. Kufika majira ya kuchipua alitukana kama wao, na Vinko akamwomba asifanye hivyo mbele ya padri.

Wazee wa ngozi walikutana Juni. Ferdo alisimama akasema bibi wa umri huo hawezi kuitwa mwanafunzi wa uchimbaji, kwamba sherehe itageuka sarakasi. Wenzake walimsikiliza kwa adabu. Kisha mzee Bogo, ambaye mikono yake imepindwa na baridi yabisi na hasemi sana, akauliza swali moja: ameshuka au hajashuka? Ameshuka. Amefanya kazi? Amefanya. Basi tunajadili nini, bia inapata joto.

"Sawa," Ferdo akasema. "Lakini ngozi nitaishika mimi."

Neno hilo lilizunguka bonde kabla ya chakula cha jioni. Kila mtu anajua maana yake. Ngozi hushikwa na wazee wawili, mmoja huku mmoja kule. Ni ile ngozi nyeusi ya nusu mwezi ambayo wachimbaji wa kale walijifunga nyuma kiunoni ili waikalie kwenye mawe. Urefu wa kuishika haukuandikwa popote. Kijana mwenye majivuno huinuliwa kidogo, ajikwae, watu wacheke. Mguu ukigusa, unarudi mwanzo, unakunywa bia nyingine, unaruka tena. Wapo waliorudi mpaka wakasahau majina yao.

"Ukiiinua hata kidole kimoja," Zdenka alimwambia mumewe, "utalala na ng'ombe."

"Nani amesema nitaiinua?"

"Uso wako umesema."

Siku yenyewe ilikuwa na jua. Bendi ya matarumbeta ilipita mjini, wachimbaji nyuma yake katika sare nyeusi za vifungo vya dhahabu, manyoya kwenye kofia. Uwanjani watu walijaa mpaka ukutani. Vijana walikuwa wachache, safu moja tu, na mwishoni mwa safu Milojka, sare yake imeshonwa upya kiunoni, nywele nyeupe zimebanwa chini ya kofia. Wakaitwa mmoja mmoja. Unapanda juu ya pipa, unasema jina lako, unasema neno lako la maisha, unakunywa bia yote bila kupumzika, unaruka. Wa tatu aligusa, akarudi, akacheka yeye mwenyewe. Wengine walipita.

"Milojka Dobnik!"

Kelele zilizopanda hapo zilikuwa za kila aina, nyingine za mapenzi, nyingine za dhihaka. "Panzi! Angalia kuku!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Alipanda juu ya pipa bila kushikwa mkono. Akangoja mpaka wanyamaze, kama alivyokuwa akiwangoja dirishani watoe visahani.

"Maisha yangu yote nimewahesabu ninyi mkitoka," akasema. "Leo nihesabuni na mimi."

Akainua bia. Aliinywa yote, akageuza gilasi juu chini. Kisha akaitazama ngozi.

Ferdo alikuwa ameishusha. Hakuiinua hata kidogo. Aliishusha mpaka karibu na nyasi, na mzee Bogo upande wa pili akamfuata, ikawa kitu ambacho hata ajuza mwenye fimbo angekivuka akienda sokoni. Watu wengine waliona ni huruma, wakapiga makofi. Milojka alielewa vizuri zaidi. Ferdo alikuwa amekesha akitafuta namna ya kumnyima, na akaipata: ampe bure.

"Inua," akasema.

"Ruka tu, shemeji. Mambo ya goti lako tunayajua."

"Wale vijana uliwashikia wapi?"

Ferdo akaitazama ngozi.

"Mbona wewe una mkono mzito leo? Nimekuja kuruka, sikuja kubebwa. Inua, Ferdo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake mbele za watu. Ferdo akamtazama muda mrefu. Akaiinua ngozi, mapajani, palepale alipowashikia vijana. Mzee Bogo naye akainua, akiuma meno.

Milojka alikimbia akichechemea. Akaruka kwa mguu mzima, ule mbovu ukafuata nyuma, na akatua upande wa pili akipepesuka lakini amesimama. Uwanja ulilipuka. Matarumbeta yakaanza kabla ya wakati, Vinko alikuwa analia waziwazi bila leso, na Zdenka alikuwa ameshakumbatia mtu asiyemjua.

Kisigino cha kushoto kilikuwa kimegusa. Ni kidogo mno, jinsi sikio linavyoguswa na nzi. Bogo mikono yake imekufa ganzi, hakuhisi. Wa kuhisi alikuwa Ferdo, na Milojka alimwona akihisi. Nusu ya maisha yake mtu huyu alikuwa akingoja kosa moja la huyu mwanamke, lolote, na sasa lilikuwa mkononi mwake na watu wote wapo. Akafumba mdomo. Akaitikia kwa kichwa kwamba imepita, akaanza kupiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja.

Milojka aligeuka akamrudia.

"Imegusa," akasema.

"Sikuhisi kitu."

"Umehisi. Nimeona bega lako."

"Milojka," Ferdo akasema chinichini, na sauti yake haikuwa na utani wala sumu, "wamekushangilia. Imekwisha. Chukua nafasi yako kwenye safu, nakuomba."

"Hata ungenyamaza wewe, ningejua mimi." Akawageukia watu, akainua mkono mpaka bendi ikanyamaza vipande vipande, tarumbeta la mwisho likiwa limechelewa. "Imegusa! Leteni bia!"

Kisha kijana yule aliyegusa kabla yake akamletea gilasi, akampa kwa mikono miwili. Milojka akainywa. Ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, ilimchukua muda, na povu likamwagikia vifungo vya dhahabu. Akarudi nyuma kuliko mara ya kwanza, mpaka karibu na bendi. Goti lilikuwa limeanza kuvimba, kila mtu aliliona.

"Usishushe," akasema kutoka kule.

"Sishushi," Ferdo akajibu. "Njoo."

Akaja. Safari hii hakuchechemea, au alichechemea kwa kasi hata haikuonekana. Aliinuka, na kati ya buti zake na ile ngozi nyeusi tuliona nyasi, na watu nyuma ya nyasi. Kisha akashuka, na goti likakataa.

Ngozi haianguki. Hilo ndilo jambo la kwanza mshika ngozi anafundishwa, na wapo wazee wetu waliowahi kuishikilia huku wakitokwa damu puani. Ferdo aliiachia kabla Milojka hajafika chini. Akapiga hatua moja, akamdaka kwapani, wakapepesuka wote wawili kama walevi wawili, wakasimama.

"Ngozi!" wazee wakapiga kelele. "Ferdo, ngozi iko chini!"

"Naiona," Ferdo akasema, mikono yake yote bado imemshika. "Iacheni. Mtu wangu amepita."